Kuvuna joto linalopotea kiwandani Nairobi: mwongozo kutoka chumba cha injini cha meli

Bahari iko karibu kilomita 480 kwa barabara kutoka Eneo la Viwanda, Nairobi. Hata hivyo, anayetaka kupunguza gharama ya mafuta ya boila katika mitaa ya viwanda ya Lunga Lunga au Baba Dogo atafaidika akijua kwanza jinsi meli inavyotumia moto wake, kwa maana watu wa meli wamekuwa wakiokota joto la mabaki muda mrefu kuliko sisi wa nchi kavu.

Injini kubwa ya meli, ile ya mipigo miwili, hugeuza karibu nusu ya nishati ya mafuta kuwa kazi ya kuzungusha propela. Nusu ya pili ni joto. Takriban robo ya nishati yote hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huchukuliwa na maji na hewa ya kupozea. Moshi ukishapita kwenye turbochaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wenyewe, huwa bado na nyuzijoto 230 hadi 270 hivi. Hauachwi uende zake. Hupitishwa kwenye ekonomaiza, yaani mirija yenye maji iliyowekwa kwenye njia ya moshi, maji yakageuka mvuke, na mvuke huo ukapasha mafuta mazito ambayo bila joto hayapiti kwenye noziri, pamoja na maji ya kuoga na vyumba vya mabaharia. Maji yanayopoza injini, yenye nyuzijoto 80 na kitu, hupelekwa kwenye mtambo unaochemsha maji ya bahari ndani ya ombwe, na wafanyakazi wanapata maji matamu bila kuchoma mafuta mengine. Meli chache huenda mbali zaidi: Emma Mærsk, iliyoanza kazi 2006, ilifungwa turbini za kuzalisha umeme kwa joto la ekzosi.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu. Mambo haya yanafaulu melini kwa sababu injini hunguruma usiku na mchana, na anayehitaji joto yuko mita chache kutoka hapo, tena analihitaji saa zile zile. Katika viwanda vingi vya Nairobi joto limejaa tele, ila halina pa kwenda. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mtumiaji wa joto. Kifaa kitakuja baadaye sana, hata kama muuzaji ameshakutumia bei.

Hatua ya 1: Mtafute anayehitaji joto

Chukua daftari, zunguka kiwandani, na uulize kila idara: mnatumia maji moto, hewa moto au mvuke wapi? Kwa kila jibu andika mambo manne: nyuzijoto zinazohitajika, kiasi kwa siku, saa za matumizi, na umbali kwa bomba kutoka chumba cha mashine. Hilo la umbali watu hulipuuza, kisha bomba na sufi ya kulifunika vinagharimu kuliko kifaa chenyewe.

Watumiaji wazuri ni wale wa joto la chini. Dobi la hoteli au hospitali huhitaji maji ya nyuzijoto 60 hivi kwa sehemu kubwa ya kazi. Kiwanda cha maziwa huosha mabomba na matangi yake kwa maji moto kila siku. Kuna wanaofua jinzi, wanaosafisha chupa na kreti, na wanaosindika nyama. Usisahau mabafu ya wafanyakazi, ingawa hayo peke yake ni nadra yabebe gharama ya mradi.

Mtumiaji ambaye karibu kila kiwanda chenye mvuke kinaye ni boila lenyewe. Kila lita ya maji mapya inayoingia humo ikiwa na nyuzijoto 20 inabidi ipashwe kwa mafuta. Ukiyapandisha maji hayo nyuzijoto 6, umepunguza mafuta kwa takriban asilimia 1. Na boila hufanya kazi saa zile zile ambazo mashine nyingine zinafanya kazi, kwa hiyo saa zimeshakubaliana bila wewe kuhangaika.

Hatua ya 2: Orodhesha joto linaloponyoka

Anza na kompresa ya hewa. Watu huipita kwa sababu haina moto wala moshi, lakini zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoula huishia kuwa joto. Katika kompresa za skrubu zinazotumia oili, asilimia 70 au zaidi ya umeme huo inaweza kuchukuliwa kutoka kwenye oili na kutoa maji ya nyuzijoto 60 mpaka 70. Kiwanda cha plastiki au cha kupakia vinywaji kinachoendesha kompresa kutwa nzima kina hita kubwa ya maji ambayo feni inapuliza joto lake nje ya dirisha.

Kisha mashine za kubaridisha. Gesi inapotoka kwenye kompresa ya chila huwa moto sana, na kibadilisha joto kidogo kikiwekwa kabla ya kondensa, sehemu inayoipoza gesi hiyo, hutoa maji ya nyuzijoto 50 hadi 60. Kiwanda cha maziwa kina raha hapa, kwa kuwa kinahitaji baridi na maji moto chini ya paa moja. Kwa kweli watu wa maziwa ni mabingwa wa jambo hili bila kujisifu: katika mtambo wa kupasteuraizi, maziwa yaliyokwisha kupashwa hadi nyuzijoto 72 kwa sekunde 15 huyapasha yale baridi yanayoingia, na sehemu kubwa mno ya joto haitoki nje ya mtambo.

Dohani ya boila nayo iandike, lakini iache kwanza. Ina mambo yake.

Na jenereta? Hapa ndipo mfano wa meli hupoteza watu. Ni kweli ekzosi ya jenereta ya dizeli hutoka na nyuzijoto 400 au zaidi, na karibu theluthi ya nishati ya mafuta inapitia hapo. Lakini jenereta yako inawaka stima ikipotea tu. Mtambo ghali unaongoja stima ipotee hauwezi kurudisha pesa zake. Kama jenereta si chanzo chako kikuu cha umeme, ifute kwenye orodha na uendelee.

Hatua ya 3: Ziba mianya kabla ya kununua chochote

Hatua hii haina picha nzuri ya kumwonyesha mkurugenzi, na ndiyo inayolipa haraka kuliko zote.

Kagua trapu za mvuke, yaani vali zinazotoa maji na kuzuia mvuke, moja baada ya nyingine. Trapu iliyokwama wazi hupitisha mvuke mzima mzima kurudi kwenye tangi, na hakuna anayeona kwa sababu mvuke uko ndani ya bomba. Ukiona tangi la maji ya boila linafuka kupita kiasi, anza kushuku trapu. Funika mabomba, vali na flanji zilizo uchi kwa sufi ya mawe. Fundi akifungua sufi ili afanye matengenezo, arudishe siku hiyo hiyo, la sivyo haitarudi.

Kisha rudisha kondenseti, yaani maji yanayobaki baada ya mvuke kuachia joto lake. Maji hayo hubeba takriban robo ya joto lililotumika kutengeneza mvuke, tena yameshatibiwa kwa dawa ulizolipia. Bado viwanda vingine huyamwaga mtaroni. Pale ambapo kondenseti inaweza kuchanganyika na bidhaa, mafuta au sabuni, weka kipimo cha kukagua usafi wake kabla haijaingia kwenye tangi.

Mwisho, mwite fundi wa bana, yaani kichomeo cha boila, apime oksijeni kwenye moshi. Hewa ikizidi, unapasha upepo wa Nairobi na kuutoa nje. Kupunguza joto la moshi kwa nyuzijoto 20 au 22 hivi huokoa karibu asilimia 1 ya mafuta, na sehemu ya punguzo hilo huja kwa kusafisha masizi kwenye mirija tu. Boila la presha ya bari 7 lina mvuke wa nyuzijoto 170 hivi. Moshi wake ukitoka na 280, mirija inadai brashi, haidai ekonomaiza.

Fanya haya yote kabla ya kupima, kwa sababu yakifanyika, joto lililobaki la kuvuna huwa dogo kuliko ulivyodhani, na kifaa utakachonunua kitakuwa kidogo pia.

Hatua ya 4: Pima wiki nzima

Mali bila daftari hupotea bila habari. Unahitaji mita ya maji kwenye bomba linaloingia boila, mita ya mafuta au angalau kijiti cha kupimia tangi, mita ya kubana nyaya kwa ajili ya kompresa, na vinasa joto vichache vya kufunga kwenye mabomba. Kipimajoto cha kulenga kwa mbali kinasaidia, ila kinadanganya kwenye bomba linalong'aa. Bandika utepe mweusi, kisha lenga hapo.

Andika kila saa, mchana na usiku, pamoja na Jumapili. Chora mistari miwili kwenye karatasi moja: joto linalopatikana na joto linalohitajika. Pale mistari inapoachana ndipo utajua ukubwa wa tangi la kuhifadhi. Dobi linalochota maji yote saa kumi na mbili asubuhi ilhali kompresa inaanza saa mbili litahitaji tangi la kuhifadhi joto la jana.

Kuhusu tangi lenyewe: yale matangi meusi ya plastiki yaliyojaa juu ya mapaa ya Nairobi hayakuundwa kubeba maji ya nyuzijoto 60. Nunua la chuma, lifunikwe vizuri. Na maji ya kuoga au kunawa yakihifadhiwa, yawekwe kwenye nyuzijoto 60 ili bakteria wa lejonela wasizaane humo.

Hatua ya 5: Piga hesabu kwa kalamu

Lita 1,000 za maji zikipandishwa kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 zinahitaji kilowati-saa 47 hivi. Lita moja ya dizeli ina takriban kilowati-saa 10. Boila lenye ufanisi wa asilimia 80 linakupa 8. Namba hizo zinatosha kwa miradi mingi.

Tuchukue dobi linalotumia lita 6,000 za maji ya nyuzijoto 60 kwa siku, lenye boila la dizeli, na jirani yake ndani ya ua huo huo kuna kompresa ya kilowati 37. Kompresa inafanya kazi saa 9 kwa wastani wa asilimia 80 ya uwezo wake, yaani inakula karibu kilowati 30. Asilimia 70 ya hizo ni kilowati 21. Kwa saa 9 ni kilowati-saa 189. Toa zinazopotea kwenye bomba na tangi, tubaki na 170.

Mahitaji ya dobi ni kilowati-saa 280. Kwa hiyo kompresa haitamaliza kazi. Itayapandisha maji kutoka 20 mpaka 44, na boila limalizie. Hilo si tatizo. Hizo 170 ni sawa na lita 21 za dizeli kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni lita 550 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya dizeli uliyolipa mwezi uliopita, toa umeme wa pampu, kisha gawanya gharama ya mradi kwa jibu. Ukipata chini ya miezi 24, yaani miaka miwili, songa mbele. Ikizidi minne, ningerudi hatua ya tatu nikaangalie nilichosahau.

Atakuja mtu kukushawishi uzalishe umeme kwa joto hilo. Joto la nyuzijoto 90 likigeuzwa umeme hutoa chini ya sehemu moja ya kumi, wakati likitumika kama joto hutumika karibu lote. Umeme wa joto la mabaki una maana kwenye mitambo mikubwa inayowaka mfululizo. Mfano wa karibu ni kituo cha Thika Power cha megawati 87, ambako moshi wa injini za MAN za mafuta mazito hutengeneza mvuke wa kuzungusha turbini, mbinu ile ile ya Emma Mærsk. Dobi, mkate na maziwa viachie maji moto.

Hatua ya 6: Chagua na kufunga kifaa

Kwa kompresa, watengenezaji wengi wana seti ya kuvuna joto inayoingia kwenye mzunguko wa oili. Usiondoe vali ya tamosteti. Oili ikipoozwa kupita kiasi, unyevu wa hewa hubaki ndani yake na beringi zinaharibika. Feni ya kompresa ibaki mahali pake pia, kwa siku ambazo hakuna anayetaka maji moto. Kama maji yanagusa chakula au mwili wa mtu, usiyapitishe moja kwa moja kando ya oili. Weka mzunguko wa maji wa katikati, ili sahani ya kibadilisha joto ikitoboka oili isifike jikoni.

Pima pia maji yako. Ya kisima kirefu hayafanani na ya bomba kutoka bwawa la Ndakaini, na ukoko wa chumvi kwenye sahani hula faida polepole bila kupiga kelele.

Dohani sasa. Hapa meli inatufundisha mambo matatu ambayo wafungaji wengi wa nchi kavu huyapita haraka.

La kwanza ni asidi. Salfa ya kwenye mafuta hugeuka kuwa asidi ya salfuriki pale moshi unapogusa chuma kilichopoa chini ya nyuzijoto 120 hadi 150, kutegemea wingi wa salfa. Watu husikia hivyo wakaangalia joto la moshi, wakaona 180, wakaridhika. Lakini joto la chuma cha mirija hufuata maji yaliyo ndani kuliko moshi ulio nje. Ukiingiza maji ya nyuzijoto 60 kwenye ekonomaiza ya boila la mafuta mazito, mirija italiwa hata kama moshi unatoka na 180. Melini hilo halitokei kirahisi, kwa sababu maji yanayozungushwa kwenye ekonomaiza hutoka kwenye boila saidizi yakiwa tayari na nyuzijoto 160 na zaidi. Kwa hiyo anayechoma mafuta mazito ayapashe maji kwanza, au atumie mirija inayostahimili asidi na akubali gharama yake. Anayechoma dizeli au gesi ana nafasi kubwa zaidi ya kushusha moshi. Kuni na briketi zina salfa kidogo, ila jivu na lami yake vinahitaji mirija yenye nafasi pana na mlango wa kusafishia.

La pili ni masizi. Meli zinapopunguza mwendo ili kuokoa mafuta, moshi hupita taratibu, masizi hukaa juu ya mirija, na yakishika moto ekonomaiza huweza kuyeyuka. Ndiyo sababu pampu ya kuzungusha maji huachwa ikifanya kazi kwa saa kadhaa baada ya injini kuzimwa. Kiwandani, andika ukutani: pampu ya ekonomaiza haizimwi pamoja na bana.

La tatu ni njia ya pembeni. Ekonomaiza huuzuia moshi kidogo, na injini za meli huwekewa kikomo kikali cha mzuio huo, mara nyingi milibari 30 hivi. Feni ya bana yako nayo ina kikomo. Uliza kabla ya kununua. Weka dampa ya kuupitisha moshi pembeni, ili siku ekonomaiza ikivuja kiwanda kisisimame.

Hatua ya 7: Kumbuka Nairobi iko juu

Vitabu vya mashine vimeandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 au 95. Ukishafaulu kuvuna joto na kondenseti, tangi la boila litapanda mpaka 85, kisha 90, na pampu itaanza kulalamika kana kwamba imemeza kokoto. Mvuke unazaliwa ndani ya pampu. Kwa maji ya nyuzijoto 90, Mombasa una zaidi ya mita 3 za usalama kutokana na mgandamizo wa hewa. Hapa una mita moja na kidogo. Inua tangi juu zaidi ya pampu, tumia bomba pana la kuvuta lenye kona chache, au ridhika na nyuzijoto 80 na kitu. Wengi hulaumu pampu, wakanunua nyingine, nayo ikaharibika vile vile.

Hatua ya 8: Sheria na mafundi

Chombo chochote chenye presha ya mvuke, ekonomaiza ikiwemo, ni lazima kikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa na Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS. Ekonomaiza inayoweza kufungiwa vali pande zote iwe na vali yake ya usalama. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wana mikono hodari na watakutengenezea fremu, vifuniko na mabati ya kushikilia sufi kwa bei nzuri, lakini usiwape kazi ya kuchomelea chombo cha presha bila cheti cha kazi hiyo.

Kwa upande wa nishati, Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 ziliwataka wenye majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka wafanye ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu kupitia mkaguzi mwenye leseni. Msimamizi wa sasa ni EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli. Mwaka uliofuata, 2013, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilizitaka meli nazo ziwe na mpango wa ufanisi wa nishati, na tangu 2023 meli kubwa hupewa alama kuanzia A mpaka E kulingana na hewa ya kaboni zinayotoa. Kama ukaguzi wako umekaribia, mpe mkaguzi vipimo vya hatua ya nne. Atakuandikia ripoti yenye maana badala ya ile ya kunakili. Jumuiya ya wenye viwanda, KAM, ina kituo hapa Nairobi kinachofanya ukaguzi wa nishati wa aina hii.

Hatua ya 9: Baada ya kuwasha

Mtambo wa kuvuna joto hauanguki kwa kishindo. Ukikufa, boila hujaza pengo kimya kimya na maji yanaendelea kuwa moto. Habari utaipata kwenye bili. Kwa hiyo acha vipimajoto vinne vya kudumu, maji yanapoingia na kutoka, oili au moshi unapoingia na kutoka, na mfanye mwendeshaji wa zamu aviandike kila siku pamoja na usomaji wa mita ya maji. Tofauti ya joto ikipungua huku mtiririko ukiwa ule ule, sahani zimeshika ukoko au mirija imeshika masizi. Mwendeshaji aambiwe mapema ni namba gani ikifikiwa asimamishe na kusafisha, na awe na ruhusa ya kufanya hivyo bila kungoja sahihi ya ofisi.